Kina cha Du Fu

Wiki hii mwanafunzi wangu alinikatiza katikati ya somo la Kichina, tukisoma shairi la Du Fu, mshairi wa China ya kale. "Mwalimu, hapa mshairi katoka kwenye kina." Aliona sawasawa: maneno ya kina ni shen, xin, jin, halafu zan. Aliyekua akisikia mashairi ya Tanga hawezi kupitwa na hilo.

Swali hilohilo niliwahi kuuliza mimi, nikisoma Guangzhou, kusini mwa China. Tulikuwa tunasoma shairi hilohilo, "Chun Wang", la mwaka 757. Chang'an, mji mkuu wa wakati huo, imeshikwa na waasi, Du Fu kakwama humo, mkewe na watoto wako mbali kaskazini. Mistari minane, herufi tano kila mmoja, na humo mmeenea mji uliovunjika, milima iliyobaki, moto wa vita wa miezi mitatu na barua ya nyumbani yenye thamani ya dhahabu elfu kumi.

Laoshi, yaani mwalimu wetu, hakunijibu. Aliinuka, akafunga kitabu, akalighani lote kwa Kikantoni, lugha ya kwao. Hakuwa anasoma wala hakuwa anaimba. Sauti ilivutwa, ikatua, ikavutwa tena, na kila baada ya mistari miwili midomo yake ilifumba: sam, sam, gam, dzaam. Nilikuwa nimekaa mbele, nikaiona ile m kabla sijaisikia. Alipofika penye mvi zinazokunwa hadi hazishiki tena pini, aliivuta pumzi ya mwisho hadi ikamwishia. Wenzangu wa kaskazini, waliolikariri shairi hili tangu utotoni, waliacha kuandika.

Mengine aliyaeleza upesi. Kichina cha kaskazini kilipoteza m ya mwisho karne nyingi zilizopita, ikageuka n, Kikantoni kikaitunza. Akatuonya kwamba Du Fu alikuwa mtu wa Henan, mbali na kusini, na hiyo haikuwa sauti yake. Kilichobaki kusini ni kina chake tu. Kwangu hicho "tu" ni kikubwa mno. Nililipenda shairi lile tangu siku hiyo, si kabla, na nadhani ndiyo sababu ninafundisha.

Basi nami nikamghania kijana yule kwa Kikantoni, darasa likaomba nirudie. Lakini mtihani wao ni wa Kichina sanifu, na muda wenyewe ni mfupi. Kundi lijalo sijaamua nilianzishe na usomaji upi: ule watakaoulizwa, au ule ambao ndani yake shairi halina pengo.