Maua ya kijitoni kwenye kona ya simtanki

Dodoma, Jumamosi, mwishoni mwa Septemba

Leo asubuhi nimehesabu maua 37 yaliyochanua kwenye ndoo sita zilizojipanga kati ya ukuta wa jiko na simtanki. Upepo wa huku ulianza kuvuma tangu kabla ya alfajiri, vumbi limetanda barabarani, na mvua ya mwisho tuliiona Aprili. Lakini pale konani majani yamesimama, mabichi na yenye kung'aa. Nimeona niandike yalivyofika hapo, kwa sababu imenichukua misimu miwili kuelewa yanachokitaka.

Wauza miche niliokutana nao huyaita tu maua ya kivuli. Kwenye vitabu vya bustani ni impatiensi, na jina lake la kitaalamu ni Impatiens walleriana. Miche 12 ya kwanza niliinunua Morogoro nikiwa njiani kurudi, ikiwa kwenye viriba vyeusi, na kijana aliyeniuzia akanihakikishia: "Dada, haya hayataki jua kabisa." Nilikuwa nimeshalipa nilipoinama kuinua kiriba kimoja na kuona, nyuma ya ua lenye rangi ya waridi, kile kimkia chembamba kilichopinda, chembamba kuliko njiti ya kiberiti, ambamo ua huhifadhi asali yake. Nikakitambua papo hapo. Ndilo ua tulilokuwa tukilikanyaga utotoni, likizo zote, kwenye kijito kilichopita chini ya nyumba ya bibi yangu mzaa mama karibu na Amani, kule Usambara Mashariki, tulipotumwa kuteka maji. Hakuna aliyelipanda pale. Liliota lenyewe kwenye mawe yenye ukungu, na sisi kazi yetu ilikuwa kubinya vitumba vyake vya mbegu ili vipasuke.

Miaka yote hiyo nilidhani maua ya bustanini yote yametoka ng'ambo. Hili ni la kwetu: asili yake ni misitu yenye unyevu ya Afrika Mashariki, kuanzia Kenya hadi Msumbiji. Mwaka 1882 mtaalamu wa mimea Joseph Hooker wa bustani ya Kew, Uingereza, alilipa jina la Impatiens sultani kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar, kutokana na mimea iliyotumwa huko na John Kirk, balozi wa Uingereza kisiwani. Baadaye ikabainika kuwa ni mmea uleule ambao Hooker mwenyewe alikwisha kuuandika mwaka 1868 kwa jina la mmisionari Horace Waller, na kwa kanuni za wataalamu jina la zamani ndilo lililobaki. Mimi ningependa zaidi lile la Sultani, kwa sababu angalau linaonyesha ua limetoka upande gani wa bahari.

Ile miche 12 ilikufa yote ndani ya wiki tatu. Niliipanda ardhini chini ya mwarobaini wetu mkubwa, mahali ambapo jua haligusi mchana kutwa, nikachimba mashimo ya kina cha kiganja na kuyajaza samadi iliyooza vizuri. Kila jioni nilimwagilia, na kila siku kufikia saa saba mchana miche ilikuwa imelala chini kama mboga iliyosahaulika juani. Nikaongeza maji. Baadhi ikaoza shina sehemu ya chini, mingine ikakauka kabisa, na sikuelewa inawezekanaje shimo moja lizame kwa maji na jirani yake lichomeke kwa kiu.

Aliyenifumbua macho ni bibi jirani, mzee wa Kigogo ambaye hupita kwetu kila asubuhi akisalimia "Mbukwenyi" kabla hajaona mtu. Nilikuwa naing'oa miche iliyokufa. Akaniomba bonge moja la samadi, akalivunja mkononi, na ndani yake mlikuwa mmejaa mizizi myembamba kama nywele, isiyokuwa ya ua. "Mjukuu wangu," akasema, "mwenye nyumba amekula chakula cha mgeni." Ulikuwa mwarobaini. Kwa majuma matatu nilikuwa nikiumwagilia mti ambao hauhitaji msaada wangu, nao ulipeleka mizizi yake moja kwa moja palipo na unyevu. Na pale ambapo mizizi haikufika, udongo wetu mwekundu ulikuwa mgumu kiasi kwamba shimo lilishika maji kama sufuria.

Hapo ndipo nilipoanza kufikiri upya kuhusu neno kivuli. Kivuli cha Amani kina ukungu, na mvua inayozidi milimita 1,500 kwa mwaka. Kivuli cha Dodoma, yenye mvua isiyofika milimita 600 na yote ndani ya msimu mmoja, kina upepo mkavu unaopita chini yake. Shina la ua hili ukilitazama kwa karibu ni kama mfereji: nene, laini, karibu uone ndani, na ukilibinya kwa ukucha linatoa maji. Mmea wa namna hiyo hupoteza maji kwa majani haraka kuliko mizizi inavyoweza kuyaleta, hata kama miguu yake imelowa. Kwa maoni yangu, anayetaka kuulea huku atafute kwanza mahali palipozibwa upepo, ndipo aulize habari za jua.

Kona ya simtanki ilinifaa kwa sababu hiyo. Ukuta wa jiko unazuia upepo wa mashariki, tangi linazuia jua la alasiri, na mwanga wa asubuhi unaingia kwa pembeni hadi kama saa tatu na nusu. Mwanga huo kidogo ni wa lazima, kwani ndoo niliyoiweka ndani kabisa gizani ilirefuka shingo bila kutoa ua hata moja. Nilichukua ndoo kuukuu za rangi, nikazisugua, nikazitoboa chini, nikachanganya mboji, mchanga wa mtoni na pumba za mpunga ili maji yapite. Humwagilia asubuhi, kwenye udongo tu. Maji ya kisima chetu yana chumvi, na yaliacha utando mweupe kwenye midomo ya ndoo na kuunguza kingo za majani, kwa hiyo sasa natumia ya bomba siku za mgao, na katikati ya juma natumia yale ya kuoshea mchele.

Mwezi Julai, usiku wa baridi ulipozidi, ua lilidumaa na utitiri mwekundu ukaingia: vidoti vya njano juu ya jani, na utando mwembamba chini yake. Niliosha kila jani upande wa chini kwa kitambaa na maji yaliyolowekwa majani ya mwarobaini usiku kucha, kwa siku tisa. Hali ikatulia.

Leo nimeanza kukusanya mbegu. Kitumba kilichokomaa ni cha kijani, kimevimba katikati, na kina mistari mitano iliyofifia. Nilikizungushia pindo la kanga kabla ya kukigusa, lakini kilichofuata kilipasuka chenyewe nikiwa bado nainama. Kuta zake zikajikunja kama funza, na mbegu zikaruka hadi kwenye mfuniko wa simtanki. Jina Impatiens kwa Kilatini maana yake ni asiye na subira. Nimeokota mbegu 14 kwenye saruji, za kahawia, ndogo sana. Sitazifukia, kwa sababu zinahitaji mwanga ili ziote; nitazitandaza juu ya mboji yenye unyevu kwenye sinia la plastiki na kufunika kwa nailoni. Bibi jirani naye ameomba kipandikizi. Nimekata pingili mbili nikaziweka kwenye glasi ya maji dirishani, na Jumamosi ijayo, zikiwa zimetoa mizizi, nitampelekea pamoja na ndoo yake.