Kidole gumba cha Diggie

Ilikuwa usiku wa Ramadhani, baada ya tarawehe, kwenye daka la nyumba moja Langoni. Anayeijua Lamu anajua daka lilivyo: baraza mbili za mawe zinazotazamana, mlango katikati. Sisi watano tulikaa huku, vijana watano wa Shela kule, dele la kahawa chini baina yetu. Tulicheza Mobile Legends, mchezo wa simu wa vita vya watano kwa watano: michezo mitatu, watakaoshindwa wanunue mishkaki.

Mimi nilikuwa tanki, yaani mhusika wa kutangulia na kupokea mapigo, na Tigreal wangu. Kazi yake ni kuanzisha vita: ulti yake, yaani uwezo wake mkubwa, Implosion, huwavuta adui walio karibu wakajumuika na kuduwaa, wenzako wakapiga. Wa Shela wakachagua Diggie. Yule bundi mapigo yake si ya kutisha, lakini ulti yake huwafungua wenzake walionaswa na kuwakinga wasinaswe tena kwa sekunde chache. Kwa Tigreal, hiyo ni sawa na kutupa jarife juu ya mwamba.

Mchezo wa kwanza nilikwenda kwa mazoea. Kwenye Kasa wa pili, mnyama anayegombewa na pande zote mbili, niliruka kwa Flicker, uwezo wa kuhama ghafla, nikaminya Implosion, wanne wakaingia. Diggie, aliyesimama nyuma kidogo, akaminya yake. Nikabaki katikati yao sina ulti wala Flicker, na Flicker ikishatumika hurudi baada ya sekunde 120. Nilirudia kosa hilo mara tatu. Watu husema mkamate Diggie kwanza. Huyu alijibanza nyuma ya mpiga risasi wake, sikumfikia hata mara moja.

Mchezo huo tukashindwa. Kahawa ilipomiminwa tena ndipo nilipomtazama kijana mwenyewe. Kidole gumba cha kulia kilikuwa kikielea juu ya kitufe cha ulti, hakiondoki, na macho yake yalimfuata Tigreal tu. Nikajua ananisubiri mimi, na atashtuka kwa chochote nitakachofanya.

Sacred Hammer, skili ya pili ya Tigreal, ina miminyo miwili: wa kwanza unamsukuma adui, wa pili unamrusha juu. Tena hurudi upesi, haina gharama ya ulti. Nikaamua kumpa Diggie msukumo huo kama chambo.

Mchezo wa pili, mara ya kwanza iliharibika, na kosa lilikuwa langu. Sikuwaambia wenzangu. Nilisukuma, mpiganaji wetu akadhani vita vimeanza, akaingia mzimamzima.

“Ndoo nyuma!” nilimpigia kelele kwa Kiamu, yaani njoo nyuma, lakini alishakufa.

Tukapatana: nikisukuma, msiingie, nikivuta, ingieni wote.

Lord, mnyama mwingine wa kugombewa, hutokea dakika ya 8. Diggie alikuwa ametega mabomu yake kwenye kichaka cha karibu, yale yanayomfukuza anayesogea. Nikatangulia mimi kuyameza, kwani tanki anayahimili na mpiga risasi hayahimili, kisha nikarudi kujaza damu. Nilipojitokeza tena, nikasukuma mara moja tu na kurudi kichakani. Kidole kikashuka. Duara la Diggie likawaka, wote watano wamekingwa na hakuna wa kuwagusa. Nikahesabu kimoyomoyo: moja, mbili, tatu, nne. Hapo nikatoka kwa Flicker, nikavuta watatu.

Jambo moja karibu liniponyoke: skili ya pili ya Diggie humfunga mtu na kumrudisha alipokuwa. Ukiruka ukiwa umefungwa, utavutwa nyuma na Flicker imepotea. Kwa hiyo kabla ya kuruka nilihakikisha sina kamba yake mwilini.

Lord tukamchukua, mnara wa kati ukaanguka, tukashinda, ikawa mmoja kwa mmoja.

Wa Shela wakanong'onezana. Mchezo wa tatu ulipoanza, yule kijana alikuwa amejifunika kikoi mapajani, simu na mikono yote miwili ndani.