Siku bimkubwa alipopika kwenye nyumba isiyo na paa

Mwaka 2016 nilinunua boma Mangamba, hapa Mtwara. Msichanganye na lile Boma la Mikindani walilojenga Wajerumani 1895, hili langu ni boma la kiswahili, nyumba iliyoishia njiani, kuta tupu, madirisha matundu, ndani nyasi na mavi ya mbuzi wa jirani. Miaka ile ya gesi kila mwenye kahela kake mjini alikuwa anapandisha nyumba akijua wapangaji wanakuja na mifuko ya pesa, afu bomba la gesi likafika Dar, waliokuja kulilaza wakasepa, maboma yakabaki yanaangaliana. Aliyeniuzia alisharudi Dar zamani, alitaka hela haraka. Kuta zilikuwa zimefika usawa wa linta, pale juu ya milango na madirisha, ila mkanda, lile zege la nondo linalozunguka juu ya kuta, bado haujamwagwa, na hilo ndo lililokuja kuniokoa.

Akanipa na ramani yake. Ramani yenyewe ilikuwa nzuri bana, imechapwa kwa rangi, mbele kuna gari imepaki na minazi miwili. Vyumba vitatu, masta yenye choo chake, sebule ya mita 6 kwa 5, dainingi, stoo, jiko, choo cha familia. Nikaibandika ukutani pale tulipokuwa tumepanga Chikongola, kila mgeni akija namwonyesha. Kusema kweli sikuwahi kuisoma, nilikuwa naangalia ile gari.

Mke wangu ndo aliyeanza kuleta maneno. Tulienda jioni moja kutazama boma, tukasimama pale panapotakiwa kuwa jiko akaniuliza dirisha liko wapi. Nikatafuta. Jiko lilikuwa katikati ya nyumba, limebanwa na vyumba pande zote, dirisha lake linafungukia kwenye korido! Nikamwambia tutaweka feni ya kuvuta hewa. Akanyamaza kule kunyamaza kwake, wiki ileile akampigia simu mama yangu Newala.

Bimkubwa akaja na basi la asubuhi, Septemba, upepo wa kusi bado unavuma, kanga imejaa vumbi la Tandahimba, ana kikapu cha ming'oko na korosho. Hata chai hakumaliza, akasema nipelekeni huko.

Tulimkuta fundi na vijana wake wawili, siku hiyo walikuwa waanze kufunga nondo za mkanda. Fundi akamwamkia, "Shikamoo mama, karibu uone nyumba ya mwanao." Mama akaingia mlango wa mbele, akapita sebule, akaingia kwenye korido. Sasa hiyo korido niielezee kidogo, ilikuwa na upana wa mita moja kasoro na urefu wa mita 9, inaenda moja kwa moja afu inakata kona kama mguu wa mbuzi kuelekea mlango wa uani. Yaani karibu mita 9 za mraba za nyumba nilikuwa nazijengea, naziezekea, nazipiga ripu na vigae ili watu wapite tu. Mama akasimama pale kwenye kona, akapima kwa mikono yake.

"Kitanda kinapita hapa?"

Fundi akasema kitanda kinafunguliwa mama, kinaingia vipandevipande.

"Na mwenye kitanda? Siku ya kutoka naye mtamfungua?"

Vijana wakaacha nondo. Mimi nikacheka kidogo, fundi hakucheka. Alichukua ubao wa futi saba uliokuwa umelala pembeni, akamwita kijana mmoja washike huku na huku kama wamebeba jeneza, wakatoka nao masta. Walipofika kwenye kona wakakwama. Wakainua juu, wakainamisha, kijana akaparuza mkono ukutani, haupiti. Ikabidi warudi kinyumenyume. Fundi akaweka ubao chini akaniangalia akasema, bosi, mi nimejenga kama ramani ilivyosema.

Hapo ndo kazi ya nondo ikafa kwa siku ile. Fundi akasema kama unataka kubadilisha badilisha leo, nikishamwaga mkanda kila ukuta unaotoa ni gharama mara mbili. Akatuma kijana kwa mama lishe ng'ambo ya barabara, akarudi na ndoo ya majivu, na tukaanza kuchora chini, ukubwa uleule wa nyumba, tukapita juu ya nyasi na humohumo ndani ya vyumba.

Mchoro wa kwanza ulikuwa wangu na fundi, na tulijiona wajanja. Jiko tukalihamishia kona ya nyuma upande wa kusini ilipokuwa stoo, tukaliwekea mlango wa uani. Mama akaangalia, akachota konzi la majivu akaliachia hewani. Majivu yote yakaingia ndani ya nyumba, mengine yakanipata machoni. Kusi linatoka kusini-mashariki, huku kwetu linaanza kama Mei linaenda mpaka Septemba huko, kwa hiyo ukiweka jiko kona ile, miezi yote hiyo moshi na harufu ya dagaa unalala navyo. Mtu nimezaliwa mkoa huu, nimesoma, nina degrii, nimeonyeshwa upepo na mtu aliyeishia la nne.

"Jiko likae kule," akaonyesha kona ya kaskazini, kwenye choo cha familia. "Huku kwenye upepo kaeni nyie."

Afu akafanya kitu ambacho mpaka leo nikikikumbuka nacheka. Aliomba ndoo. Akaijaza maji kwenye pipa la mafundi, akajitwisha, akaanza kuishi mle ndani. Ameamka, anatoka chumbani, anaenda bombani uani, anarudi jikoni, anapuliza moto, anaita watoto kwa majina kabisa, anapeleka chai, anarudi na vyombo. Kwanza akaifata ramani ya zamani, kutoka bombani mpaka jikoni na kurudi, mke wangu anahesabu kwa sauti, hatua 46. Afu akaifata ile mpya ya majivu, hatua 15. Fundi amekaa juu ya tofali kashika tama. Watu wa njiani nao wakaanza kusimama kwenye matundu ya madirisha, bibi kizee anatembea na ndoo kwenye nyumba isiyo na paa anaita wajukuu ambao hawapo, we ungewaza nini?

Kilichobadilika kwa ufupi ni hivi. Stoo ilivunjwa, na ukuta wa lile jiko la gizani ukavunjwa, na sehemu kubwa ya korido ikafa, pakatokea nafasi moja pana ya nyuma yenye madirisha mawili makubwa upande wa kusini na mlango unaotokea kwenye baraza. Sebule ya mbele tukaikata, mita 6 zikawa 4, kwa sababu nyumba inaangalia barabara, magharibi, ukuta ule unapigwa jua la jioni mwaka mzima, ukikaa pale saa kumi unaiva. Ile nafasi iliyomegwa ikaongeza chumba cha watoto. Choo cha familia kikasogea pembeni ya jiko, wakagawana ukuta wa bomba.

Na haikuwa pesa ya kutisha kama nilivyoogopa. Ukuta wa mita 3 ukiishia usawa wa linta ni kama tofali 60 za inchi sita, vijana wakazibomoa taratibu kwa nyundo, nyingi zikatoka nzima zikarudi kwenye kuta mpya. Kilichokula hela ni boriti ya pale tulipofungua, upana mita 3, fundi akagoma kabisa kupitisha mkanda wa kawaida, akataka nondo nne za milimita 12 na ringi, zege likamwagiliwa maji wiki nzima na mirunda ikakaa chini yake wiki tatu. Nilimlalamikia kuhusu hiyo mirunda maana ya kukodi inahesabiwa kwa siku, akaniambia bosi hiyo ndo sehemu utakayolala mchana. Kuezeka kulisubiri korosho za mama, na msimu ule bei ilikuwa nzuri, Mungu mkubwa.

Sehemu moja tu nilikaza shingo. Choo cha masta kilikuwa kona ya mbele kabisa, mbali na vyoo na majiko yote, bomba lake la majitaka linazunguka nusu ya nyumba kutafuta shimo uani. Fundi akasema tukitoe. Mke wangu akasema tukitoe. Mama akasema choo cha chumbani cha nini, mnaumwa? Nikawaambia jamani nimekubali yote, hiki niachieni, mtu umejenga nyumba lazima uwe na masta. Wakaniachia.

Tumehamia 2018. Ile sebule ya mbele ina makochi, tivii na vitambaa, na hakai mtu. Idd, msiba, vikoba vya mke wangu, watoto na homuweki, wote wako nyuma kwenye upepo, mikeka chini. Hata wageni wa suti wanaokuja na kupitia mlango wa mbele, ukigeuka kuwaletea maji unakuta washafata sauti za watu uani.

Mwaka jana mama alikuja baada ya msimu, kakaa barazani anabangua korosho, mimi niko mbele ya nyumba na kaptula, nimefunua chemba ya tatu ya lile bomba la masta, nasukuma mti, kwa mara ya ngapi mwaka ule sikumbuki. Nilipozunguka kuja kunawa nikajua sasa naambiwa. Hakusema kitu. Akasogeza sahani ya korosho upande wangu, akaangalia mikono yangu, akairudisha kwake.