Nilivyorudi kwenye shabaha bila bunduki

Nilipostaafu jeshini nilikabidhi G3 yangu ghalani, nikatia sahihi kwenye daftari, na tangu siku hiyo sikushika bunduki tena. Wala sikuitamani. Nilikuwa miongoni mwa waliovuka mpaka kuingia Somalia baada ya Oktoba 2011, na niliporudi, mlio wa risasi haukuwa tena ule wa renji niliouzoea tangu nikiwa kurutu Moi Barracks, Eldoret. Vijana wakilipua fataki mwaka mpya, mimi nilijikuta nimeshaegemea ukuta. Kwa hiyo watu walioniuliza kwa nini sitafuti leseni ya bastola (Nairobi mwanajeshi mstaafu hudhaniwa lazima awe na kitu kiunoni) niliwajibu kwamba hayo nimeyamaliza.

Lakini kulenga nilikuwa nakupenda, na hilo halikuisha. Ukishalala kifudifudi, ukabana kitako cha bunduki begani, ukatoa nusu ya pumzi na kuizuia, hata sajini anayekufokea mgongoni humsikii. Sikuwahi kupata utulivu kama ule mahali pengine, si kanisani, si shambani Kitui.

Aliyenichokoza ni mwenzangu wa kombania moja ambaye siku hizi anaishi Ohio, Marekani, karibu na wanawe. Jioni moja alinipigia simu ya video akiwa kwenye banda la gari lake, mlango wazi, feni inapuliza nje. Alikuwa anayeyusha madini ya risasi na kuyamimina kwenye kalibu. Kule mtu hahitaji leseni ya serikali kuu akijitengenezea risasi za matumizi yake mwenyewe. Leseni inakuja akitaka kuuza. Akanionyesha kila hatua. Ganda la shaba likishapigwa halitupwi, husafishwa, likarudishwa umbo, likawekewa kiwashio kipya kitakoni, kisha baruti, kisha kichwa. Madini ya risasi yakiwa peke yake huyeyuka kwenye nyuzi 327 hivi, na yeye huyachanganya na bati kidogo na antimoni ili kichwa kiwe kigumu na kalibu ijae vizuri. Ile feni na ule mlango wazi nilivielewa bila kuelezwa. Mkenya yeyote aliyefuatilia habari za kijiji cha Owino Uhuru kule Mombasa anajua sumu ya madini hayo inavyoweza kumdhuru mtoto.

Kilichonishangaza ni subira yake. Huyu ni mtu tuliyekuwa naye renji, tunapewa sanduku, tunapiga, tunaokota maganda na kuyahesabu mbele ya afande, basi. Sasa namwona anakirudisha chunguni kichwa kizima cha risasi kwa sababu kina kikunyanzi kimoja ubavuni. Vilivyobaki akavipima kimoja kimoja kwenye mizani.

"Sajini," akaniambia, "siku hizi nikikosa, najua aliyekosa ni nani."

Hilo neno lilinikaa.

Kwetu mlango huo umefungwa, na sina ugomvi nao. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haimruhusu raia kutengeneza risasi bila leseni ya kazi hiyo. Bunduki yenyewe ina cheti cha kuhuishwa kila mwaka. Na kiwanda cha risasi tunachokijua ni kile cha serikali kilichoko Eldoret. Mtu akikutwa kwenye ploti ya Umoja ana chungu cha madini ya risasi na kopo la baruti, hatapewa nafasi ya kueleza habari za burudani.

Njia yangu ilitoka kwa binti yangu. Alikuwa shabiki wa Shehzana Anwar, mpiga upinde aliyebeba bendera ya Kenya kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016, akaanza kwenda klabu moja ya upinde kando ya mji na Jumapili moja akanivuta niandamane naye. Mimi ni Mkamba. Babu yangu alikuwa na upinde juu ya mlango wake, nami nilikuwa nimeuhesabu kuwa kitu cha babu. Kocha, msichana wa umri wa mwanangu, akanipa upinde wa mazoezi akasema, "Mzee, vuta, tulia, achia." Nikavuta. Kamba ikatoa sauti ndogo, mshale ukagonga majani makavu, to! Hakuna kilichonishtua. Mabega yalikuwa yametulia na mikono haikutetemeka, na shingo langu, ambalo kwa kawaida hukaza kwa kelele yoyote, lilikuwa limelegea.

Tatizo lilikuwa mishale. Ya klabu ilikuwa mchanganyiko wa kila namna: ya aluminiamu iliyopinda, ya nyuzi za glasi, mingine imeng'oka manyoya. Nilipiga mitatu kwa namna ile ile, mmoja kushoto, mmoja juu, mmoja chini. Askari aliyefundishwa kurekebisha bunduki kwa kundi la risasi zake hawezi kuvumilia kitu kama hicho, maana kundi lenyewe halipo. Mishale ya kaboni kutoka ng'ambo ni mizuri, ila bei yake pamoja na usafirishaji na ushuru haifai kwa pensheni. Nikamkumbuka yule wa Ohio na mizani yake. Nikaamua kutengeneza yangu.

Mbao nilipata soko la Gikomba, Nairobi. Huko nje mti uliosifika kwa mishale ni ule wanaouita mwerezi wa Port Orford, wa Oregon, ambao kwa kweli si mwerezi, ni wa ukoo wa saiprasi. Saiprasi sisi tunayo tele. Kazi ni kuchagua. Nilizunguka mabanda nikigeuza ubao mmoja mmoja hadi wauzaji wakaanza kucheka, kwa sababu nilitaka nyuzi za mti zinazokwenda sawa toka mwisho hadi mwisho bila fundo. Hapo si suala la urembo. Nyuzi zikikatiza ubavuni, mshale unaweza kuvunjika wakati wa kuachia kamba na kipande kikaingia kwenye mkono ulioshika upinde. Ndiyo maana hadi leo kila mshale naukunja kidogo kwa vidole na kuusikiliza kabla ya kuupiga. Seremala mmoja alinichania fito za mraba, nami nikazirandia nyumbani hadi zikawa duara la milimita 8, kisha msasa.

Halafu kuna ukakamavu, na hapa ndipo nilipokolea. Mshale ukiachiwa hauendi moja kwa moja. Kamba inausukuma nyuma, kichwa kinasita kwa uzito wake, mti unapinda na kuupita upinde kwa kuuzunguka kabla ya kunyooka. Ukiwa mgumu kuliko upinde wako unavyotaka, unakwenda kushoto kwa mtu wa mkono wa kulia kama mimi. Ukiwa laini kupita kiasi, kulia. Kwa hiyo fito zote lazima zipinde sawa. Kipimo cha mishale ya miti ni rahisi: laza ufito juu ya nguzo mbili zilizoachana inchi 26, yaani sentimita 66, ning'iniza uzito wa ratili mbili katikati, upime umeshuka kiasi gani. Gawa 26 kwa inchi zilizoshuka, unapata nguvu, kwa ratili, ya upinde unaoufaa. Nguzo zangu ni misumari miwili kwenye ubao. Uzito wangu ni chupa ya maji niliyoijaza kidogo kidogo pale dukani kwa jirani, juu ya mizani yake ya sukari, hadi ikasoma gramu 907 pamoja na kifuniko na uzi wa kuning'inizia. Upinde wangu ni wa ratili 30, kwa hiyo natafuta fito zinazoshuka kati ya milimita 19 na 22. Zinazoshuka zaidi nazipunguza kwa msasa zikawe za upinde mwepesi, na zisizoshuka zinasubiri mtu mwenye nguvu kunishinda.

Vichwa alinikerezea fundi wa Kamukunji kutoka kwa nondo ya chuma. Nilimpa kimoja cha kuiga, cha gramu 6 na nusu, nikamwambia vyote viwe hivyo. "Afande, tofauti ndogo hivi nani ataiona?" akauliza. (Sijui wanatujuaje. Labda ni namna tunavyosimama.) Nikamwambia nitaiona mimi, nikatoa mfukoni mizani ya kidijitali niliyonunua Luthuli Avenue. Alivikereza upya viwili bila kunung'unika, na tangu hapo mizani hiyo anaiazima yeye.

Mishale hupimwa kwa greni, kipimo kile kile cha risasi. Greni moja ni miligramu 65 hivi. Kichwa cha risasi ya G3 kina greni 147 hivi. Nilipomaliza mshale wa kwanza nilioupenda, nilimtumia mwenzangu picha ya mizani: 421. Akanijibu kwa picha ya risasi yake ya bastola, 158, na swali kama nawinda ndovu.

Manyoya ni ya batamzinga, kutoka kwa mama mmoja anayewafuga Ruai. Yale marefu ya bawa ndiyo yanayofaa, na kuna sharti moja lisilovunjwa: mshale mmoja uvae manyoya ya bawa la upande mmoja tu, matatu ya kushoto au matatu ya kulia. Manyoya yana mkunjo wa asili, na mkunjo huo, ukigandisha unyoya kwa mwinamo kidogo, unauzungusha mshale hewani. Mfereji wa mtutu wa G3 hufanya kazi hiyo hiyo, mzunguko mmoja kila milimita 305, nami nilikuwa nimeusafisha mfereji huo kwa miaka bila kuufikiria sana. Kipande cha bomba la plastiki nilichokipasua mara tatu kwa nafasi sawa ndicho kinachoshika manyoya hadi gundi ikauke. Mwisho nakata mdomo wa kuingizia kamba kwa msumeno wa chuma, kukatiza pete za mti zisije zikapasuka, na kuufunga kwa uzi chini yake.

Mtihani wenyewe ni kupiga mshale usio na manyoya pamoja na wenye manyoya. Manyoya husamehe makosa mengi; ukiyaondoa, unabaki na ukweli wa mti na wa mkono wako. Mishale yangu yote ina namba. Wa nne ulikuwa unakwenda kulia, Jumapili baada ya Jumapili, hata siku nilizokuwa napiga vizuri mno. Nikaurudisha kwenye misumari: umeshuka milimita 24. Nikaukata kwa kimo cha ukucha wa kidole gumba, maana mshale mfupi huwa mgumu zaidi, nao ukarudi kwa wenzake.

Tangu hapo ndipo nilipoanza kulenga kweli. Kabla ya hapo kila mshale uliopotea ulikuwa na kisingizio. Sasa mishale sita ni mamoja, kwa hiyo mmoja ukitoka nje ya kundi narudi kujiangalia: nimeshusha mkono wa upinde mapema, au vidole vimeng'ang'ania kamba. Pumzi ni zile zile za renji. Kuachia ni tofauti, kwa sababu kifyatulio cha bunduki unakibana taratibu mpaka kikushtukize, ilhali kamba inaondoka yenyewe ukiendelea kuvuta kwa misuli ya mgongo. Kilichonisumbua zaidi ni baada ya kuachia. Risasi ya G3 hutoka kwa mita 800 kwa sekunde hivi. Mshale wangu haufiki 50, kwa hiyo kwenye mita 18 uko hewani kwa zaidi ya theluthi ya sekunde, na macho yanataka kuufuata. Ukiinua kichwa kuutazama, umeshauharibu. Kocha alinisimamia mgongoni akinihesabia mbili kabla ya kushusha mkono. Sajini mzima nahesabiwa.

Kwenye karatasi ya sentimita 40, mita 18, siku nzuri yote sita inaingia ndani ya nyekundu na njano, duara la sentimita 16. Mvua za masika zinanisumbua bado. Saiprasi inakunywa unyevu na kupinda, kwa hiyo naipaka vanishi mara mbili na kuihifadhi imesimama, si kulala. Wastaafu wenzangu wawili wameanza kuja. Mmoja anataka bunduki tu na sidhani atakaa. Mwingine anakuja mapema, hasemi mengi, anachukua msasa.

Kocha naye ameniomba nitengeneze mishale ya watoto. Pinde zao ni za ratili 15, na fito za milimita 8 ni ngumu mno kwao, kwa hiyo nimeanza kurandia za milimita 6. Zile zinashuka sana hadi chupa inagusa ubao, imenibidi kuinua misumari.