Kuinua Hilux ya LN106: inchi mbili tu, na breki usizisahau

Hilux za LN106, zile za dizeli zenye ekseli nzima mbele na springi za mabamba pande zote nne, ni kati ya pikapu rahisi kabisa kuinua. Urahisi huo ndio unaowaponza watu. Springi zinafungwa kwa siku moja, gari linapendeza, halafu likibebeshwa mzigo halisimami pale dereva anapotaka lisimame.

Inchi mbili, yaani milimita 50, zinatosha. Propela, ile shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli, inabaki na pembe inayovumilika, shokapu ndefu kidogo zinapatikana bila shida, na usukani hauhitaji kufumuliwa. Ukitaka inchi nne, hiyo ni kazi nyingine kabisa.

Namna ya kuinua ni kununua springi mpya zilizopindwa zaidi. Shakeli ndefu, yaani vile vibao vinavyounganisha ncha ya springi na chasisi, ni njia ya mkato yenye hesabu mbaya: shakeli ikiongezwa milimita 50, gari linapanda kama 25 tu, na ekseli ya mbele inalala vibaya. Vitofali vya chuma kati ya springi na ekseli vivumilie nyuma ukilazimika, mbele, kamwe. Breki zikishikwa kwa nguvu, kitofali kinaipa ekseli nafasi ya kupinda springi, na kikichomoka usukani umekwenda. Kupeleka springi za zamani zikapigwe nyundo upya? Zinapanda, kisha zinarudi chini baada ya muda mfupi. Zikitiwa moto ni mbaya zaidi, kwa sababu chuma kinapoteza ukakamavu wake.

Chagua springi kwa uzito ambao gari linabeba kila siku. Mbele, jiulize kama lina bampa la chuma na winchi. Nyuma, springi za kubeba kilo 500 muda wote zikifungwa kwenye gari linalotembea tupu, abiria watadhani wamepanda mkokoteni. Jambo jingine: baadhi ya seti huwa na springi ya upande wa dereva iliyo juu kidogo. Seti iliyotengenezwa kwa magari ya usukani wa kulia, kama ya Kenya na Tanzania, ukiifunga Bujumbura au Goma kwenye gari la usukani wa kushoto bila kuangalia alama, gari litainama.

Kabla ya kulegeza chochote, pima kutoka katikati ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, hadi ukingo wa madigadi, magurudumu yote manne, uandike. Nati zote zipakwe mafuta ya kulegeza kutu tangu jana yake. Kwa gari la pwani, hesabu kwamba pini moja au mbili za springi zitakatwa kwa grenda, kwa hiyo nunua pini na bushi mpya mapema. Jeki ishike ekseli, stendi zishike chasisi. Fanya upande mmoja kwanza, wa pili ukiwa bado umefungwa, ili ekseli isitembee.

Springi ikikaa, kichwa cha senta bolti, ile inayoshika mabamba pamoja katikati, lazima kizame ndani ya tundu la kitako cha ekseli. Kikikaa pembeni, yu-bolti, zile za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, zitakaza vizuri tu, lakini gari litatembea upande kama kaa. Yu-bolti ziwe mpya, maana za zamani zimeshavutika. Kaza kwa kupishana, kona kwa kona, kidogo kidogo, hadi kama Nm 120. Bolti za shakeli na pini ziache zimeshikwa tu. Zikazwe gari likiwa chini kwa magurudumu yake. Ukizikaza gari likining'inia, raba za bushi zinabaki zimejisokota na zitachanika mapema.

Sasa breki. Hilux nyingi za aina hii zina vali nyuma, imefungwa kwenye chasisi na kuunganishwa na ekseli kwa fimbo. Kazi yake ni kupima mzigo: kitako cha gari kikishuka, fimbo inasukumwa na breki za nyuma zinapewa nguvu zaidi. Ukiinua gari, vali inadhani halina kitu hata likiwa na tani moja ya saruji, na breki za mbele zinabeba kazi peke yake. Dawa ni kuinua kishikio cha fimbo kwenye ekseli kwa kiasi kilekile gari lilichopanda. Kipande cha chuma chenye matundu mawili na bolti mbili, basi.

Hozi za breki zikaguliwe ekseli ikining'inia kabisa, magurudumu yakiwa yamekatwa kushoto kisha kulia. Hozi ikivutika, badilisha kwa ndefu. Shokapu nayo isiwe ndiyo inayozuia ekseli kushuka, wala isifike mwisho kabla springi haijagonga raba yake.

Barabarani, gari likitangatanga na usukani ukichelewa kurudi, kingipini, yaani pini ambazo magurudumu ya mbele hugeukia, zimeinama mbele. Hapo zinaingia kabari za nyuzi 2 au 3 kati ya springi na ekseli ya mbele, upande mnene ukiwa nyuma. Chukua za chuma. Za alumini hupasuka. Usizidishe, kwa kuwa kabari hiyohiyo inashusha mdomo wa difu, pale propela inapoingia kwenye ekseli, na kuumiza krosi (viungo) za propela ya mbele. Mtetemo unaokuja ukiingiza 4H (gia ya kuendesha magurudumu yote manne) tu unatoka huko.

Rudia kukaza yu-bolti baada ya kilomita 100, kisha 500. Pima pia umbali wa habu ya mbele hadi ya nyuma, kulia na kushoto: tofauti ikizidi milimita chache, rudi kwenye senta bolti. Na taa za mbele zishushwe, maana sasa zinawamulika usoni wanaokuja.