Meno ya picha

Maneno ya shangazi yamekataa kunitoka tangu Jumapili. Sisi tulikuwa tumemaliza ugali na omena, mdogo wangu bado anahangaika na sahani yake, akasema anafikiria kuwekwa waya za meno. Shangazi akatua kikombe.

"Mungu amekurudishia uhai, nawe unatafuta meno ya picha?"

"Si ya picha, shangazi."

"Ya nini basi?"

Hakumjibu. Akaendelea kulowesha tonge kwenye mchuzi, maana bila mchuzi halimezeki. Mionzi ya kutibu saratani ya taya haikuchagua, ilichoma na tezi za mate.

Ya nini basi! Naisikia nikisahihisha madaftari, naisikia ndani ya matatu ya Kondele. Uhamisho wangu umekubaliwa, kaka amepeleka ng'ombe wa mahari Siaya, na mimi bado niko pale mezani.

Ya kutafunia, shangazi. Walipokata kipande cha taya, meno yaliyobaki yalianza kulalia pengo. Ya juu na ya chini hayakutani, kila mlo anajiuma shavu lile lile. Wala usiseme ang'olewe tu. Mfupa uliopigwa mionzi haupati damu vizuri. Jino likitoka hapo, kidonda kinaweza kukataa kufunga na mfupa ukafa. Hatari huzidi dozi ya mionzi ikipita grei 60, grei ikiwa ndiyo kipimo chake, na yeye upande wa kushoto alipata 66.

Alhamisi tulimwona daktari wa kupanga meno. Aliisoma barua ya hospitali ya Eldoret hadi mwisho kabla ya kugusa chochote, kisha akamwambia apanue mdomo na aingize vidole vyake mwenyewe. Viwili vikapita, cha tatu kikakwama.

"Unatamani kula nini ambacho sasa huwezi?"

"Mahindi ya kuchoma."

Hakucheka, Mungu ambariki. Akasema mahindi hawezi kuahidi, lakini njugu za kuchemsha watajaribu. Atavuta polepole, kwa nguvu kidogo sana, meno ya upande wa kulia tu. Floraidi kila usiku, na kidonda chochote kikitokea, waya zinatolewa. Mdogo wangu alitoka pale akiongea njia nzima mpaka Kibuye, yeye ambaye tangu upasuaji huficha mdomo kwa leso.

Nimefurahi mno. Ila mvua imeanza nyumbani, mbolea haijafika, na kijana niliyemtumia pesa hashiki simu.