Antifona saba za "Ee": kusali kwa kuimba, Desemba 17 hadi 23

Hadi Desemba 16, Majilio, kipindi cha kujiandaa kwa Noeli, hutuelekeza zaidi kwenye ujio wa Kristo siku ya mwisho. Kuanzia tarehe 17 liturujia inageukia Bethlehemu waziwazi, na katika Masifu ya Jioni, sala rasmi ya Kanisa ya jioni, zinaingia antifona (viitikio vifupi vya kuimbwa) saba za kale zinazoanza na "Ee", moja kila jioni, kabla na baada ya Wimbo wa Bikira Maria (Luka 1:46-55). Zilikuwa zikiimbwa tayari katika karne ya 9. Anayetafuta muziki wa kumwingiza kwenye sala ya taamuli, yaani ya kutulia kimya mbele ya Mungu, asihangaike kutafuta mbali. Hizi zinamtosha juma zima.

Mpangilio wake ni huu: tarehe 17 Ee Hekima, 18 Ee Adonai (yaani Bwana), 19 Ee Shina la Yese, 20 Ee Ufunguo wa Daudi, 21 Ee Mapambazuko, 22 Ee Mfalme wa Mataifa, 23 Ee Emanueli. Tafsiri hupishana kidogo kati ya kitabu na kitabu, lakini mjengo haubadiliki: jina la Kristo, maelezo ya jina hilo kutoka Maandiko, kisha "Njoo", kisha ombi. Kwa Kilatini zote saba zinafuata tuni moja, ya modi ya pili (mojawapo ya ngazi za sauti za nyimbo za kale za Kanisa), ambayo hutembea chini bila kupanda sana. Ukiijua ya tarehe 17, za siku sita zinazofuata hazitakusumbua. Hiyo ni faida kubwa kwa taamuli, kwa sababu akili inayohangaikia noti haiwezi kutulia.

Moyo wa antifona ni lile neno "Njoo". Kilatini ni "Veni": silabi mbili, mkazo kwenye ya kwanza. Kiswahili nacho, njo-o: silabi mbili, mkazo kwenye ya kwanza. Neno letu linakaa kwenye tuni ya kale bila kulazimishwa. Kosa la kawaida ni kuzimeza silabi mbili ziwe moja, "njooo", na hapo wito unageuka mlio tu. Imba njo, kisha o, nyepesi, halafu nyamaza kwa pumzi moja kamili kabla ya kuingia kwenye ombi. Jina la Emanueli lina shida yake: Kilatini kinaweka mkazo kwenye "ma", sisi kwenye "e" ya mwisho. Usilivunje neno ili liifuate noti. Sogeza noti ilifuate neno.

Kwa sala ya nyumbani tenga dakika 30. Soma kwanza andiko lililoizaa antifona, polepole, mara mbili: kwa Hekima ni Yoshua bin Sira 24:3, kwa Shina la Yese Isaya 11:10, kwa Ufunguo Isaya 22:22, kwa Emanueli Isaya 7:14. Kaa kimya dakika tatu. Imba antifona, kisha Wimbo wa Bikira Maria kwa tuni rahisi ya zaburi, ukipumua katikati ya kila mstari, kisha antifona tena. Baada ya hapo rudia "Njoo" peke yake mara tatu, kila mara kwa sauti ndogo zaidi, ya mwisho ikiwa ndani ya moyo tu. Dakika 15 zinazobaki ni za ukimya. Ukimya huo ndio sala yenyewe, na wimbo ulikuwa njia ya kukufikisha hapo. Mawazo yakitangatanga, rudi kwenye "Njoo" kimoyomoyo bila kuanza kuimba upya.

Anzia kwenye sauti unayozungumzia. Wengi huanza juu kwa mazoea ya kwaya, koo linakaza, na mwili uliokaza hautulii. Kinanda si lazima. Kama kipo, shikilia noti moja tu, ile ambayo antifona inaishia, kwa sauti ya chini sana, na uzime biti. Mwongozo Mkuu wa Misale ya Kiroma, namba 313, unataka ala zitumike kwa kiasi wakati wa Majilio ili furaha kamili ya Noeli isitangulizwe.

Ukitumia rekodi kwenye simu, ipakue mapema na uzime intaneti, maana tangazo likiingia katikati limekatiza kila kitu. Icheze mara moja, kisha zima. Muziki unaoendelea chini chini dakika zote 30 unaonekana kusaidia, kumbe unakufanya msikilizaji, na ukimya unakosa nafasi.

Kuna wimbo maarufu wa kumwita Emanueli, uliotungwa kutokana na antifona hizihizi, na ni mzuri kwa Misa. Kwa taamuli haufai sana: kiitikio chake cha "furahini" kinarudi kila beti na kuifunga kiu kabla haijakomaa. Wanakwaya nao wana mtihani wao, kwani jioni hizi ndizo za mazoezi ya nyimbo za Noeli. Mtu akitoka kwenye midundo ya mazoezi moja kwa moja hadi kwenye antifona, midundo itang'ang'ania kichwani. Afadhali asali kabla ya mazoezi, au apumzike nusu saa kwanza.

Tarehe 21 huko Ulaya huangukia karibu na usiku mrefu kuliko yote ya mwaka, ndiyo maana Ee Mapambazuko inawagusa sana. Kwetu karibu na ikweta usiku haurefuki hivyo. Irudie basi saa kumi na moja alfajiri, nje kukiwa bado giza, ubaki kimya hadi kupambazuke.

Jioni ya tarehe 23 ongeza ukimya ufike dakika 20. Ukizisoma herufi za kwanza za majina yale saba kwa Kilatini, kutoka la mwisho kurudi la kwanza, unapata maneno "ero cras", yaani "kesho nitakuwepo". Jioni ya tarehe 24 hakuna antifona ya "Ee". Masifu ya jioni hiyo ni ya Noeli.